Ajenda ya Mengineyo

Fomu ya kuomba mkopo wa halmashauri haimtishi mtu mpaka afike kwenye mstari wa "Aina ya mradi". Jina la kikundi tulikuwa tumeshaandika, tena baada ya ugomvi, maana kila mwanachama alitaka neno lake la matumaini liwemo. Matokeo yake jina limekuwa refu mno, na fundi wa mihuri kule Kilosa mjini alituuliza kama tunachonga mhuri au kibao cha barabarani. Kata tukaandika Masanze. Wilaya, Kilosa. Mwenyekiti, katibu na mweka hazina wote wakasaini. Ikafika "Aina ya mradi", tukatazamana.

Katibu ni mimi. Sikuchaguliwa kwa sababu ya elimu. Siku ya uchaguzi watu walipapasa mifuko, kalamu pekee inayoandika ikaonekana kuwa yangu, kura zikaishia hapo.

Mkopo wenyewe ni ule wa asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu, na hauna riba. Serikali iliusitisha 2023 ili utaratibu urekebishwe, ukarudi 2024. Sasa kile kipindi uliposimama, usiombe! Masanze nzima ilijaa wafanyabiashara wakubwa waliokuwa wakisubiri mtaji tu. Pale kijiweni ungemkuta kijana amelalia pikipiki yake anasema, "Mimi nikishika milioni tatu, Mikumi nzima itanijua." Mkopo uliporudi, wote wakapata shughuli za shamba kwa ghafla. Ndipo nilipoelewa kwamba kukosa mtaji kulikuwa kunatusitiri. Mtu asiye na hela haulizwi wazo. Mwekee hela mbele, muulize unataka kufanya nini, uone kichwa kinavyojifunga mchana kweupe.

Si kwamba hatuko mahali pa kuchangamsha akili. Huku tuko kati ya Kilosa mjini na Mikumi, na vijiji vya pande zetu vinaitwa Dodoma Isanga na Ulaya. Kijana wa Masanze anaweza kunywa chai Dodoma, akala mchana Ulaya, kwa nauli ya bodaboda, na jioni akarudi kwa mama yake bila wazo lolote.

Vikao tulifanyia chini ya mwembe wa Babu, ambaye si mwanachama. Kikundi ni cha vijana, na umri wake haumruhusu kuingia hata kwa huruma. Lakini mwembe ni wake, benchi ni lake, na sharti la kivuli ni kwamba mwenye kivuli naye asikilize. Kwenye katiba hana kura. Ila hakuna wazo lililowahi kupita pale bila kukaguliwa naye.

"Shikamoo, Babu."

"Marahaba. Haya, leo mnaanzisha nini?"

"Tunafikiria duka la pamoja, Babu."

"Lilikuwepo. Duka la kijiji, enzi za ujamaa. Lilibaki na viberiti vilivyolowa."

"Basi chama cha kuuza mazao kwa umoja."

"Ushirika? Serikali yenyewe iliuvunja 1976, ikaja kuurudisha 1982. Jambo lililowashinda wenye Landrover, nyie wenye baiskeli mtaliweza?"

Na mkonge usimtajie kabisa. Babu alikata mkonge ujanani mwake, miaka ambayo nchi hii ndiyo iliyoongoza duniani. Mwaka 1964 tulizalisha tani karibu 230,000. Kisha nailoni ikaingia kwenye kamba za dunia nzima, bei ikaanguka, na mashamba mengi ya Kilosa yakageuka vichaka. Tangu hapo Babu hana imani na kitu chochote cha plastiki. Ndoo yake ya kuogea ni ya bati mpaka leo. Lishike hilo, msomaji, tutalihitaji mbele.

Wenzangu wengi walimwona Babu ndiye kizibo. Mimi sikubaliani nao. Kila alilolisema lilikuwa kweli: duka lilikufa, ushirika ulivunjwa, mkonge ulianguka. Kilichonishangaza ni furaha yetu. Wazo likikataliwa, uso wa kila mtu ulikunjuka, Mwenyekiti akafunga kikao mapema, na tukaagana kwa vicheko. Mtu aliyekatazwa kufanya jambo gumu hulala usingizi mzuri sana.

Baada ya hapo tukahamia kwenye kuiga. Mtanzania ukimkataza kutaja bodaboda, genge, kuku na uwakala wa kutuma pesa, umemnyang'anya orodha nzima ya biashara anazozijua. Tulizipitia zote. Bodaboda kwetu zimezidi abiria, na kuna siku nimeona madereva wawili wamepakizana kwenda kutafuta abiria wa tatu. Genge lipo kila nyumba ya tano, na yote yanauza nyanya zilezile kutoka shamba lilelile. Mjumbe mmoja akashauri tukauze vyakula kwenye treni, kama mama zetu walivyouza ndizi na mayai dirishani stesheni ya Kilosa kwa miaka na miaka. Wazo zuri, ila treni ya umeme iliyoanza 2024 madirisha yake hayafunguki, na ikiwa njiani inaweza kufika kilomita 160 kwa saa. Huyo mteja utamrushia yai la kuchemsha aliokote Dodoma, ile ya kweli.

Mjumbe huyo huyo (nitamwita Mjumbe kwa sababu anapenda kuitwa hivyo) hakukata tamaa. Kikao kilichofuata akaja na kware. Binamu yake alikuwa amemhakikishia kwamba yai moja la kware linatibu presha, kisukari, pumu na ndoa.

Hapa ilibidi niombe nafasi niseme, maana hadithi hii ilishatokea kwa majirani zetu Wakenya. Mwaka 2013 kuelekea 2014 nchi nzima iliwaka kware. Wafugaji walipanga foleni ya vibali kwa Shirika la Wanyamapori la Kenya, kwa kuwa kisheria kware ni ndege wa porini, na yai lenye ukubwa wa kidole gumba likawa linauzwa mara kadhaa ya bei ya yai la kuku. Haukupita muda mrefu bei ikaporomoka, na watu wakabaki na mabanda yaliyojaa ndege wanaopiga kelele usiku kucha. Sababu haihitaji shahada. Soko lile lilikuwa na wanunuzi wa aina mbili, waliotaka kupona na waliotaka kufuga, na hao wa pili ndio waliolifanya lionekane kubwa. Kila aliyetaka kufuga alipokwisha kupata ndege wake, walibaki wagonjwa peke yao, nao walikuwa wameshatambua kwamba presha iko palepale.

Mjumbe alinisikiliza kwa adabu, kisha akaenda kununua kware kwa hela yake mwenyewe. Akawaweka jikoni, ndani ya tenga. Mradi mzima uliliwa na paka wa jirani kabla sijamaliza kunakili muhtasari wa kikao kilichoukataa.

Halafu akaja shemeji yangu. Shemeji anafanya kazi Dar es Salaam, na likizo ile alikuja na kompyuta yenye shamba la tikiti maji. Ndani ya kompyuta ile ekari moja ilikuwa na mashimo 4,000, kila shimo matunda mawili, kila tunda shilingi 1,000. Milioni nane kabla hujatoka jasho. Mle ndani hakukuwa na wadudu, jua lilikuwa la kiasi, na mvua ilinyesha baada ya kuomba ruhusa. Wanachama walisogeza vichwa kwenye kile kioo mpaka Mweka hazina akashindwa kuvumilia jasho la wenzake, akasimama pembeni.

"Shemeji," nikamwuliza, "tembo umewaweka safu gani?"

Akacheka. Alidhani natania.

Hifadhi ya Taifa ya Mikumi ilianzishwa 1964, ina kilomita za mraba 3,230, na haina ukuta. Wakulima wanaopakana na wanyama hao wana mbinu zao: kamba zenye vitambaa vilivyolowekwa kwenye oili chafu na pilipili, au mizinga ya nyuki iliyotundikwa kuzunguka shamba, kwa kuwa tembo pamoja na mwili wote ule anamwogopa nyuki. Lakini vitu hivyo ni gharama, na gharama zingeharibu ile milioni nane, kwa hiyo Shemeji hakuvipa safu. Tukapanda hivyo hivyo. Tikiti zilipoiva tembo walikuja usiku, wachache tu, wakachagua zilizokomaa vizuri kwa ustadi ambao sijauona kwa mnunuzi yeyote wa sokoni, wakala, wakaondoka bila kuharibu hata kigogo cha kukalia. Zilizosalia tulizipeleka Mikumi mjini, kando ya barabara kuu ya malori ya Zambia, zikakutana na tikiti za watu wengine wote wenye shemeji mwenye kompyuta. Nadhani tembo ndio wateja pekee waliosifia bidhaa.

Shemeji alirudi Dar. Faili bado analo, na amelifanyia marekebisho: safari hii kila shimo lina matunda matatu.

Mambo yakiwa hivyo, Mwenyekiti akaenda kwenye semina ya ujasiriamali Morogoro mjini. Mwenyekiti ni kijana mwenye binti kidato cha nne, mtu wa kujituma, na alirudi na fulana, daftari jipya, na mbinu inayoitwa bungua bongo. Kila mtu anataja wazo lolote linalomjia, hakuna kupinga, hakuna kucheka, mnaandika yote, mnachagua baadaye. Mbinu hii ilienezwa na Mmarekani wa shughuli za matangazo, Alex Osborn, kwenye kitabu chake cha 1953, na tangu hapo haijawahi kukosekana kwenye semina yoyote yenye chai na maandazi.

Ubaya wake ni mmoja. Mwaka 1958 watafiti wa Chuo Kikuu cha Yale waliwakalisha watu wanne wanne wabungue bongo pamoja, na wengine wakawakalisha kila mtu peke yake na karatasi yake. Mawazo ya wapweke wanne yalipojumlishwa yakawazidi kwa mbali wale wanne waliokaa pamoja. Mwaka 1987 Michael Diehl na Wolfgang Stroebe wakaonyesha sababu kubwa ni ipi: mwenzako akisema, wewe unasubiri zamu, na katika kusubiri wazo linapotea.

Na hao walisubiri watu wa kawaida. Hawakumsubiri Mwenyekiti wetu. Alifungua bungua bongo kwa salamu za itifaki, akatambua uwepo wa Babu, akatambua uwepo wa mwembe, akaeleza alivyosafiri kwenda Morogoro na nauli ilivyopanda, akaeleza chakula cha semina, kisha akasoma maana ya ujasiriamali kutoka kwenye daftari. Dada yetu mshonaji alinyoosha mkono tangu kwenye itifaki. Macho yake yalikuwa yanang'aa, na mtu yeyote aliyemtazama angejua ana kitu. Alipopewa nafasi alisimama, akafungua mdomo, akaufunga, akatazama juu kwenye maembe.

"Mheshimiwa Mwenyekiti," akasema, "naungana na msemaji aliyepita."

Niliandika hivyo kwenye muhtasari. Mpaka leo hakumbuki lilikuwa wazo gani, na mimi naamini lilikuwa ndilo.

Kwa kuwa nilikuwa nimeshaanza kupenda habari za wataalamu, kikao kilichofuata nikaleta jaribio la Mjerumani Karl Duncker, lililochapishwa kwa Kiingereza 1945. Unampa mtu mshumaa, kiberiti na kiboksi cha pini za ubaoni, unamwambia aubandike mshumaa ukutani uwake bila nta kudondokea meza. Watu wengi hukwama. Jibu ni kumwaga pini, kukipigilia kile kiboksi ukutani kiwe kibao, na kusimamisha mshumaa juu yake. Duncker aligundua kwamba ukitoa pini ukaziweka pembeni na kiboksi kikiwa kitupu, wengi zaidi wanafaulu. Kiboksi chenye pini ndani akili inakiona ni chombo cha pini basi, haikipi kazi nyingine.

Nilipanga vitu kwenye kigoda karibu na ukuta wa Babu. Mjumbe akayeyusha nta, akaubandika mshumaa ukutani kwa nguvu, ukakaa kidogo, ukaanguka juu ya kanzu ya Babu. Tukasimamisha zoezi kwa ajili ya kuomba radhi. Mwenyekiti akasema suala hili liundiwe kamati ndogo. Mweka hazina, mama mmoja mtulivu asiyependa maneno, akauliza kama umeme umekatika, na kama umekatika kwa nini tusiwashe tochi ya simu.

Babu akawa wa mwisho.

"Zamani," alisema, akikwangua nta kwenye kanzu, "taa tulikuwa tunamshikisha mtoto."

Kwa haki, Duncker angempa alama. Mzee alikiona kitu ambacho sisi sote hatukukihesabu kwenye orodha ya vifaa, ingawa kifaa chenyewe kingeomba maji ya kunywa kila baada ya dakika mbili.

Hili la kuona kitu kwa kazi moja tu linanisumbua zaidi kuliko lolote, kwa sababu mfano wake mkubwa duniani umetokea mkoani kwetu. Panyabuku, yule panya mkubwa wa mifuko mashavuni, huku Masanze tunamjua kwa kazi moja: kubeba karanga za watu kwenda shimoni. Mbelgiji Bart Weetjens, aliyefuga panya tangu utotoni, akamwona kama pua inayotembea. Shirika lake la APOPO lilianza 1997, mwaka 2000 likahamia Morogoro, pale Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, na likawafundisha panya hao kunusa mabomu ya ardhini na makohozi yenye kifua kikuu. Mmoja wao, Magawa, alipelekwa Kambodia akanusa mabomu na milipuko zaidi ya 100; mwaka 2020 akavishwa nishani ya dhahabu na shirika la Uingereza la PDSA, panya wa kwanza kuipata, na alipokufa Januari 2022 vyombo vya habari vya dunia vilimtangaza. Nilipowasomea habari hiyo wanakikundi, Mjumbe alinyamaza kitambo, kisha akauliza panya anauzwa bei gani. Ndiyo maana nasema ugonjwa wetu ni mgumu: hata tukionyeshwa mtu aliyekitazama kitu cha kawaida kwa jicho jipya, sisi tunataka kumfuga yule yule panya.

Mfano wa Reginald Mengi uliwaingia vizuri zaidi, labda kwa kuwa hauna manyoya. Kwenye kitabu chake cha 2018 Mengi anaeleza alivyoanza kwa kuunganisha kalamu nyumbani kwake, kipindi bidhaa zilipokuwa zimeadimika nchini na kupata kalamu ilikuwa shughuli. Huyo aliyekuja kumiliki magazeti, televisheni na viwanda alianzia kwenye kero ya kukosa kalamu. Mimi nami nilipatwa na kero hiyo hiyo, wenzangu wote hawakuwa na kalamu, na nilichopata ni ukatibu.

Sasa nije kwenye muhtasari. Fomu iliagiza tuambatishe nakala za mihtasari ya vikao, na mashine ya kutoa nakala iko Kilosa mjini, kwa hiyo kabla ya safari ikabidi daftari lisomwe lote, kosa lisije likatugharimu nauli ya pili. Nilisoma kwa sauti. Kufungua kikao. Kusoma muhtasari uliopita. Yatokanayo. Kisha "Mradi", na chini yake kila kikao yameandikwa maneno yaleyale: wajumbe walijadili kwa kina, wakakubaliana kuendelea kutafakari. Mistari miwili. Halafu "Mengineyo".

Mengineyo yalijaza kurasa. Ile ni ajenda ya mwisho, watu wameshasimama, wanakung'uta vumbi kwenye kanga, na hakuna anayejilazimisha kuwa na akili. Basi wanalalamika. Fulani amekwenda Kilosa siku nzima kwa ajili ya kutoa nakala ya cheti. Fundi wa mashine ya kusaga hapatikani mpaka aitwe Mikumi. Mayai ya kuchemsha yapo ila chumvi hakuna. Ufuta wa kaka fulani umekatwa bei na mnunuzi kwa kuwa una mchanga, ameuanika chini. Mpunga wa dada fulani vilevile. Na karibu kila kikao, kwa mwandiko wangu mwenyewe: Mweka hazina anakumbusha kwamba turubai lake lililoazimwa kwenye msiba bado halijarudishwa.

Nilipofika kwenye turubai kwa mara ya tatu au ya nne, Mweka hazina akanikatiza.

"Katibu, hebu rudia. Aliyeliazima kwenye msiba kalipeleka wapi?"

"Kamwazima mwenye ufuta."

"Na mwenye ufuta?"

"Kampelekea mwenye harusi, Zombo."

"Kwa hiyo turubai langu linafanya kazi kila siku," akasema, "halafu mimi mpunga wangu naanika chini. Wangekuwa wananilipa buku mbili mbili, si ningekuwa nina maturubai matatu sasa hivi?"

Alisema kwa hasira. Hakuwa anapendekeza mradi. Mwenyekiti alikuwa ameshaanza kumjibu kwamba suala hilo litafikishwa kwa wahusika, ndipo dada mshonaji akaruka kutoka kwenye benchi: kushona kingo za turubai anaweza, matundu ya kamba anaweza kuyatia, na akinunua kwa jora atapata mapana yoyote yanayotakiwa. Hakuomba nafasi na hakuungana na msemaji yeyote.

Usidhani ilipita kirahisi. Kizibo kikubwa kuliko vyote kilikuwa bado hakijajitokeza, nacho ni aibu. Kodi ya turubai? Jirani aje na salamu zake, umwambie lete hela? Watu watasema vijana wa kikundi wana roho mbaya. Tulibishana mpaka giza likaingia, na ni kwenye ubishi huo ndipo nilipowaona wenzangu wanafikiri kweli kweli, kwa sababu hakuna aliyekumbuka kwamba anatafuta wazo. Mjumbe akataka msiba utozwe nusu bei. Akazomewa. Mweka hazina akakata shauri: msiba bure, tena tutalifunga wenyewe, harusi, kipaimara na maulidi kwa hela, ufuta na mpunga kwa hela, na mwenye shida alipe baada ya kuuza, mradi jina lake liandikwe.

Babu akauliza turubai hizo zimetengenezwa kwa nini. Hakuna aliyetaka kumjibu. Mwisho Mwenyekiti akasema kwa sauti ya chini kwamba ni nailoni, Babu.

"Ile iliyoua mkonge?"

"Hiyo hiyo, Babu."

Mzee alitikisa kichwa, akaingia ndani. Alitoka na shuka lake la kuanikia mtama, kuukuu, limetoboka, akalitupa miguuni pa Mwenyekiti.

"Basi tuanze kulipwa na sisi," akasema. "Lishoneni kwanza hili, nione kama mnajua kazi."

Nikaandika "Kukodisha maturubai" kwenye ule mstari wa fomu. Nafasi ilibaki, kwa mara ya kwanza tangu tuandike jina la kikundi.

Hatujatajirika. Msimu wa ufuta maturubai hayatoshi, masika yanalala stoo yakiliwa na panyabuku ambao hakuna aliyewapeleka chuo kikuu. Wapo wanaolipa, wapo wanaosalimia tu. Kikundi cha jirani kimeshasikia, na nimeambiwa nao wanaandika fomu ya kukodisha maturubai. Wanakaribishwa mwembeni, Babu ana maswali machache ya kuwauliza.

Bei zetu ni shilingi 2,000 kwa siku kwa dogo na 5,000 kwa kubwa, kamba zimo. Harusi za Desemba wahini mapema kwa Mweka hazina. Na wewe uliyechukua lile la bluu lenye kiraka pembeni, ambalo mara ya mwisho lilionekana Zombo, ujue tunakufahamu: lilete, hatutakudai siku za nyuma.